Sura ya Sita: Nenda na Jiwe Lako

Mlinzi wa lango la Bombambili alikifungua kiroba, akaingiza mkono, akatoa jiwe la rangi ya kutu lenye mshipa mweupe katikati. Akaligeuza mara mbili, kisha akamtazama mzee niliyeongozana naye.

"Haya ni mawe, baba."

"Ni mawe, mwanangu."

"Watu wanakuja hapa kununua mashine. Nyie mnaleta mawe?"

Mzee hakujibu. Nilitoa kibali cha kusafirisha sampuli tulichopewa na ofisi ya madini. Mlinzi akakisoma mpaka mwisho, akakirudisha na kutupisha. Tukaingia na kilo zetu kumi na mbili. Siku ile tulipata faida kubwa kuliko siku tatu nzima za mwaka uliotangulia, tulipokuja bila jiwe hata moja na kurudi na mifuko iliyojaa vipeperushi.

Maonesho ya teknolojia ya madini yamekuwa yakifanyika Geita tangu 2018, na kwa miaka ya karibuni kwenye viwanja vya EPZ vya Bombambili, mara nyingi kati ya mwisho wa Septemba na katikati ya Oktoba. Utawakuta pale mgodi wa GGM, shirika la madini la STAMICO, Tume ya Madini, Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini (GST), Mkemia Mkuu wa Serikali, OSHA, mabenki, wauza mashine wa Mwanza na Dar es Salaam na wenzao wa kutoka nje. Kwetu sisi wa Biharamulo si mbali. Unapita Bwanga, na kabla jua halijawa kali umeshafika Geita. Wa Ngara wana safari ndefu zaidi. Wanatoka Benaco, wanakatiza Nyakahura na Lusahunga, wanafika Biharamulo, ndipo tunapoungana nao.

Na tuna sababu ya kwenda. Mgodi wa Tulawaka, ndani ya wilaya ya Biharamulo, ulianza uzalishaji 2005 chini ya Barrick. Mwaka 2013 Serikali ikauchukua kupitia STAMICO, na leo unaitwa STAMIGOLD. Pembeni yake, kuanzia Mavota na kuendelea, kuna wachimbaji wadogo wenye maduara, yaani mashimo ya kuchimbia, yanayoshikiliwa na matimba, wanaoamka saa kumi na moja alfajiri. Ngara nako kuna nikeli ya Kabanga. Imejulikana tangu miaka ya 1970, na makampuni yamepokezana leseni yake kwa miaka mingi, hadi Januari 2021 Serikali iliposaini mkataba uliozaa Tembo Nickel, kampuni ambayo Serikali ina asilimia 16 ya hisa zake. Vijana wengi wa Ngara wamekua wakisikia habari za Kabanga tangu shule ya msingi. Kwa watu wa aina hiyo, maonesho ya Geita si mahali pa kwenda kutembea.

Hata hivyo wengi wetu tunakwenda kutembea. Mwaka wa kwanza na sisi tulifanya hivyo, na kosa letu nataka nilieleze lote, kwa sababu naliona likirudiwa kila mwaka na watu wenye akili zao timamu.

Kikundi chetu kilichanga fedha kwa miezi minane. Tulikuwa na nia moja tu, kununua karasha, mashine ya kuponda mawe. Tulifika Bombambili siku ya ufunguzi, siku yenye msafara wa viongozi, muziki na vumbi. Katika banda moja tulikuta karasha mpya imewashwa. Muuzaji alimimina mawe, mashine ikanguruma, unga ukatoka mwembamba mweupe kama wa sembe. Tulishika unga ule kwa vidole, tukatazamana, tukatoa malipo ya awali siku ileile. Hakuna hata mmoja kati yetu watu sita aliyeuliza yale mawe yalitoka wapi.

Yalikuwa mawe laini. Mawe yetu ni magumu, yana chuma ndani. Karasha ilipofika nyumbani, nyundo zake zililika kabla wiki mbili hazijaisha. Tulipiga simu kutafuta vipuri. Mwezi wa kwanza simu ilipokewa, mwezi wa pili haikupokewa. Sitalitaja duka lile, maana simlaumu muuzaji peke yake. Alituonyesha mashine yake ikifanya kazi inayoiweza, na sisi tukaamini itafanya kazi tuliyonayo.

Ndipo mzee mmoja wa Mavota, yule niliyekuwa naye langoni, mtu asiyependa maneno mengi, aliposema kwenye kikao: "Mwakani tusiende na fedha. Twende na jiwe." Kauli yake ndiyo iliyoipa sura hii jina.

Mwaka uliofuata hatukwenda siku ya ufunguzi. Tulikwenda katikati ya wiki, siku ambazo mabanda yana nafasi na wataalamu wamekaa kwenye viti wakisubiri mtu wa kuzungumza naye. Siku ya ufunguzi mtaalamu anamsubiri mgeni rasmi. Jumatano anakusubiri wewe, na ana muda wa kukusikiliza hadi umalize.

Banda la kwanza tuliloingia lilikuwa la wauza meza za kutikisa. Hii ni meza pana yenye mifereji myembamba. Unamimina unga wa mawe uliochanganywa na maji, meza inatikisika kwa mkupuo mfupi mfupi, na kila kitu kinakwenda upande wake kwa uzito wake. Mchanga mwepesi unaoshwa na kuanguka ukingoni. Mchanga mweusi wa chuma unabaki katikati. Dhahabu, ambayo ni nzito mara kumi na tisa kuliko maji, inajitenga mbali kuliko vyote.

Kijana wa banda alikuwa na ndoo yake ya mchanga wa maonyesho. Mzee akamwambia kwa upole, "Mwanangu, huo tumeshauona. Jaribu huu wetu." Nilitegemea akatae. Alifurahi. Aliyaponda mawe yetu, akayasaga kwenye kinu kidogo kwa muda uleule tunaosaga sisi, akamimina.

Kwanza ulitokea utepe mweusi. Kisha, pembeni yake, ukajichora mstari wa njano mwembamba kama uzi wa kushonea. Watu waliokuwa wakipita wakasimama. Mzee hakusema kitu, maana mstari huo aliutegemea. Dhahabu yake anaijua.

Kijana akafanya jambo ambalo hatukumwomba. Alikusanya ule mchanga ulioanguka ukingoni, ule ambao sisi tunauita marudio, akaukausha kwenye karai juu ya jiko, akaurudisha kwenye kinu na kuusaga tena kwa muda mrefu zaidi. Unga ukawa laini kama poda. Akamimina mara ya pili.

Mstari wa njano ukajichora tena. Haukuwa mwembamba sana kuliko wa kwanza.

Mzee alichuchumaa mpaka uso wake ukawa sawa na meza. "Huu ndio uleule uliomwagika?"

"Ndio uleule, mzee."

"Hukuongeza kitu?"

"Ulikuwa umesimama hapa, mzee wangu."

Akakaa kimya kwa muda. Kisha akasema, bila kumwelekea mtu yeyote: "Basi miaka yote nimekuwa nauza gunia na mahindi yakiwa ndani, kwa bei ya gunia."

Msomaji asiye wa machimboni anahitaji kuelezwa uzito wa maneno hayo. Mchimbaji mdogo wa kwetu huponda mawe, huyasaga, huyaosha mwaloni, yaani mahali pa kuoshea, juu ya zulia, kisha hukamata dhahabu kwa zebaki. Zebaki hushika punje inayoigusa tu. Punje iliyofungiwa ndani ya chembe ya mwamba haiguswi, inaondoka na mchanga. Mara nyingi kinachokamatwa ni chini ya nusu ya dhahabu iliyopo. Chukua mfano wa mawe yenye gramu 10 kwa tani. Tani moja ni viroba 20 vya kilo 50. Mwenye duara anayepata gramu 4 kutoka viroba hivyo anashukuru Mungu na kugawa mgao, na gramu 6 zimelala kwenye lundo la marudio nyuma ya mwalo. Lundo hilo hulinunua mwenye plenti, yaani mtambo wa kuchenjulia. Anaujaza mchanga kwenye vati, anaupitishia sayanaidi inayoyeyusha dhahabu hata ile ambayo zebaki haikuigusa, anaikamata kwa kaboni, kisha anaitoa kwenye kaboni hiyo kwa njia inayoitwa elusheni.

Simchukii mwenye plenti. Ameweka mtaji mkubwa, ana wataalamu, analipa ada zake. Kinachoniuma ni kwamba katika biashara hii mmoja anajua anachonunua na mwingine hajui anachouza. Mnunuzi wa marudio hachukui lundo kabla hajalipima. Muuzaji hulitazama kwa macho na kutaja bei ya jirani.

Baada ya meza ile tulikwenda banda la GST. Halikuwa na muziki wala fulana za bure, na tulikuta watu wawili tu wakiulizia choo. Mtaalamu wa pale alitufundisha kuchukua sampuli, na somo lake lilichukua labda dakika ishirini. Alitandika turubai, akamimina mawe yetu yaliyopondwa na kuyafanya kichuguu, akakibonda kikawa duara bapa, akakigawa robo nne kama anayekata chapati. Robo mbili zinazotazamana akazitupa. Zilizobaki akazichanganya, akagawa tena, mpaka zikabaki kilo mbili. Akazitia kwenye mifuko miwili, akaandika juu yake tarehe, jina la duara na kina. "Mmoja wa maabara," alisema, "mwingine kaa nao nyumbani. Siku mtu akibisha majibu, una ushahidi."

Nilikuwa mweka hazina wa kikundi kwa miaka mingi. Nimeshika mzani wa dhahabu, nimehesabu pointi kwa pointi, na sikuwahi kufundishwa jambo hilo. Lilikuwa likitolewa bure, hatua mia kutoka kwenye jukwaa la muziki.

Banda la tatu nataka nikae nalo kidogo, maana linahusu miili yetu. Ni la Mkemia Mkuu wa Serikali. Mama aliyekuwa pale alituuliza swali moja: dhahabu mnachomea wapi? Mzee akajibu kwa ukweli, nyumbani, jikoni, usiku, kwa ajili ya usalama. Mama yule hakumkaripia. Alimweleza kwamba zebaki ikichomwa hugeuka mvuke usioonekana, ukaganda ukutani, kwenye sufuria na kwenye nguo za watoto, na kwamba madhara yake hukaa kwenye ubongo na figo. Akatueleza habari za Minamata, mji wa Japani ambako mwaka 1956 uligundulika ugonjwa uliopooza wakazi na kufanya watoto wazaliwe na ulemavu, na baadaye ikajulikana kuwa chanzo chake ni zebaki iliyomwagwa baharini na kiwanda na kuingia kwenye samaki. Mkataba wa dunia wa kudhibiti zebaki umepewa jina la mji huo. Ulianza kutumika 2017, na Tanzania iliuridhia 2020. Kwa hesabu za Umoja wa Mataifa, zebaki inayotoka kwenye uchimbaji mdogo wa dhahabu ni zaidi ya theluthi moja ya zebaki yote inayotupwa hewani na binadamu.

Akataja mambo manne ambayo mkataba huo unataka yakomeshwe: kumwagia zebaki mawe yote badala ya kutumia mchanga uliokwisha kuoshwa, kuchomea wazi, kuchomea kwenye makazi, na kutia sayanaidi kwenye marudio yenye zebaki kabla zebaki haijaondolewa. Kwenye la nne mzee alinigeukia. Hilo ndilo lundo letu. Marudio tunayouza yana zebaki yetu ndani, yanaingia kwenye vati, na sayanaidi huifanya zebaki iyeyuke na kusafiri na maji mbali zaidi. Hivyo yale mahindi yaliyobaki kwenye gunia yana sumu pia, na sumu hiyo tumeitia wenyewe.

Tulinunua ritoti siku ileile. Ni chombo kidogo cha chuma chenye bomba. Mvuke wa zebaki unapita kwenye bomba, unapoa, unarudi kuwa kimiminika na kutumika tena. Ndicho kitu pekee tulichonunua katika safari nzima, na bei yake ilikuwa ndogo kuliko nauli zetu.

Katika gari letu alikuwemo pia mama mmoja wa Ngara, mfanyabiashara wa maharage na ndizi. Yeye hana duara. Alikuja kwa sababu alisikia kwamba Kabanga ikianza kazi kamili watu wengi watahitaji kula. Nilimshauri naye aje na jiwe lake, akaelewa mara moja. Alibeba vifuko vitatu vya maharage, kila kimoja na daraja lake.

Alikwenda kwenye mabanda ya makampuni na kuomba kuonana na watu wa manunuzi, akawawekea vifuko mezani. Kanuni za 2018 za ushirikishwaji wa Watanzania katika sekta ya madini zinazitaka kampuni zitangulize bidhaa na huduma za Watanzania, na maofisa wale wanazijua. Lakini kanuni haiwezi kununua maharage yaliyochanganyika. Mama yule aliuliza swali ambalo mimi nisingelifikiria: "Mwaka jana mlikataa mzigo wa nani, na kwa nini?" Jina hawakumpa, sababu walimpa zote. Mzigo wa kwanza ulikuwa mzuri na wa tatu ulikuwa na unyevu. Muuzaji hakuwa na risiti ya EFD. Muuzaji alikuwa mtu mmoja asiye na kampuni iliyosajiliwa BRELA. Muuzaji alishindwa kusubiri malipo, kwa sababu kampuni hailipi siku ya kushusha mzigo.

Hiyo sababu ya mwisho aliiandika kwenye daftari lake la shule na kuipigia mistari miwili. Alisema usiku ule tukiwa gesti, "Maharage ninayo. Sina fedha ya kukaa miezi miwili nikisubiri." Kutoka hapo mazungumzo yake yote na mabenki, siku ya pili, yalikuwa juu ya jambo hilo moja. Wengine walipanga foleni kwenye mabanda ya benki kuulizia "mikopo". Yeye aliulizia mkopo wa kumvusha kati ya siku ya kushusha mzigo na siku ya kulipwa, na mtu wa benki akavuta kiti akakaa.

Mambo mengine ya maonesho nitayapita haraka. Usibebe kila kipeperushi. Chukua namba ya mtu, si ya ofisi, na umwombe aandike mwenyewe kwenye daftari lako. Kula kwa mama lishe walio nje ya lango, kwa sababu ndiko wachimbaji wa Chunya na Mara wanakokula, na kwenye sahani ya ugali mtu anakwambia mashine gani imemwangusha. Muulize muuzaji amewahi kuiuza mashine hiyo kwa nani karibu na kwenu, kisha nenda kamwone huyo mnunuzi. Asipokuwa na jina la kukupa, una jibu lako.

Lakini kazi kubwa iko nyumbani. Kikundi kilichotuma watu kina haki ya kusikia walichokiona, na kisikie mapema, kabla hamu haijapoa. Sisi tulijiwekea siku saba. Tulikutana chini ya mwembe, mzee akasimama, mtu ambaye kwa miaka hakuwahi kuzungumza kwenye kikao kwa zaidi ya dakika mbili, akaeleza habari za ule mstari wa pili wa njano. Aliueleza kwa kuchora ardhini kwa kijiti. Hakuna kipeperushi ambacho kingewafikishia wenzetu habari ile namna hiyo.

Majibu ya maabara yalikuja baadaye na kuthibitisha alichokiona. Kulikuwa na waliotaka tununue meza ya kutikisa papo hapo. Tulikataa, kwa sababu jiwe lilikuwa limetuambia kwamba ugonjwa wetu uko kwenye usagaji. Meza isingeweza kukamata punje ambayo bado imefungwa ndani ya mwamba. Tulitafuta mashine ya kusaga ya gololi, tukaikuta iliyotumika huko Geita, tukaenda na viroba viwili vya mawe yetu, tukasimama pale mpaka vikasagika, ndipo tukalipa. Mpaka naandika sura hii bado inafanya kazi, na vipuri vyake vinapatikana Mwanza. Marudio yetu sasa hayauzwi kabla hayajapimwa. Bei tunayopata haipandi kila mara, lakini mnunuzi akitaja namba yake na sisi tunataja yetu, na mazungumzo yanaanzia hapo.

Dhahabu inachomewa kwenye ritoti, mbali na nyumba, upande ambao upepo unatoka kijijini. Mke wa mzee amelipaka chokaa upya jiko lake.

Kwa hiyo wewe uliye Mavota, Nyakahura, Rulenge au Kabanga, tangazo la maonesho yajayo litakapotoka, usianze na nauli. Anza na turubai. Chukua mchanga kutoka juu, katikati na chini ya lundo lako, changanya, gawa robo nne, tupa mbili, rudia mpaka zibaki kilo mbili, tia kwenye mifuko miwili na uandike tarehe. Kachukue kibali chako ofisi ya madini. Kisha nenda Jumatano.